Mashine ya Saa ya Bakari

Alhamisi, 2 Julai 1992

Ukungu mpaka saa nne. Vidole vimekufa ganzi, bisibisi imeniponyoka mara mbili. Gulio limejaa, lakini kwenye baraza ya kibanda changu wamefika watu watatu tu. Wawili walitaka kujua saa ngapi. Wa tatu alitaka nimtilie betri saa yake ya plastiki kutoka Dubai. Nikamwambia betri inazidi bei ya saa yenyewe. Akaitupa mtaroni mbele ya macho yangu, akaenda kununua nyingine. Miaka thelathini natengeneza saa hapa Lushoto. Siku hizi watu wanazitupa kama maganda ya ndizi.

Mama Halima alikuja na chupa ya uji, kama kila siku ya gulio akishamaliza kuuza karoti zake. Ni mjane wa rafiki yangu Bakari. Anaketi kwenye kigoda cha wateja, mimi nakunywa, yeye ananisimulia nani kaoa na nani kagombana na nani. Nusu saa, mara mbili kwa wiki. Zaidi ya hapo ni mimi na redio, na redio sasa ni vyama vingi kutwa.

Leo alikuwa na jambo. Kuna mtu wa Arusha anazunguka milimani akinunua vitu vya kale: vigoda, santuri, saa za mkono za zamani za Uswisi. Anawauzia Wazungu. Ameitaka saa ya marehemu Bakari, ile aliyopewa na Mzungu wa shamba la chai kule Bungu alipokuwa anaondoka. Lakini hataki kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kasema ikaguliwe na fundi kwanza. Fundi akithibitisha kuwa ni halisi nje na ndani, atainunua Jumapili ya tarehe kumi na mbili.

Mama Halima akaniwekea saa mezani, imefungwa kwenye leso. "Shemeji, wewe ndiye unayeijua. Mwambie tu ukweli wake."

Nimeifungia kwenye droo. Uji sikuumaliza.

Ijumaa, 3 Julai

Sikuifungua. Nimeshughulika asubuhi nzima na saa ya ukutani ya masista wa Kifungilo, ambayo haina ugonjwa wowote ila vumbi.

Baada ya sala muadhini kijana alinishika mkono kama kawaida yake, akanipandisha mkono wa kanzu, akalinganisha saa yake na yangu. Hapa mjini saa yangu ndiyo saa. Leo nilitamani kuuficha mkono.

Jumamosi, 4 Julai

Nimeifungua. Daftari hili halisomwi na mtu, basi niandike.

Kwa nje ni yenyewe. Pembe zimelika kwa miaka ya mkono mmoja, si kwa msasa. Herufi za usoni ni nyembamba, safi, hazikuchorwa upya. Mishale imegeuka rangi ya chai, yote sawasawa. Ndani ya mfuniko wa nyuma kuna namba ya kiwandani, na chini yake alama ndogo iliyokwaruzwa kwa ncha ya sindano: nusu mwezi na mstari. Mafundi tunakwaruza alama zetu ndani ya kila saa tunayoifungua, ili ikirudi ijulikane ilipita mkono wa nani. Nusu mwezi na mstari ni mimi.

Kiwanda kile kilipiga namba moja mfunikoni na ileile kwenye mashine. Mashine iliyomo haina namba hiyo. Haina namba kabisa. Ni mashine ya bei rahisi, ya kiwanda kingine. Niliitia mwenyewe. Haikutaka kukaa, nikaukata uso wa saa vile vimiguu vyake viwili vya nyuma vinavyoushikiza kwenye mashine, nikaugandisha kwa gundi.

Mashine ya Bakari ninayo. Imo katika saa niliyovaa.

Ilikuwa miaka ya foleni, sabuni kwa kibali, sukari kwa kibali. Nilikuwa na saa ya aina ileile, niliinunua kwa Mhindi mmoja aliyekuwa anahama. Ikaingia maji, mashine ikaliwa na kutu. Vipuri hakuna Tanga, hakuna Dar. Nikawa fundi saa asiye na saa, watu wakinitania. Ndipo Bakari akaleta yake, nisafishe tu na kutia mafuta. Nikaiona ndani inang'aa. Nikajiambia naiazima mpaka vipuri vije.

Havikuja. Serikali ilipofungulia biashara ndipo vitu vikajaa, vyote vya plastiki. Na kuazima bila kuomba kuna jina lake. Mimi ni mwizi.

Jumapili, 5 Julai

Gulio. Uji wa mtama. Mama Halima aliuliza kama nimeshaikagua. Nikasema bado. Akasema fundi mzuri hana haraka. Afadhali angenitukana.

Kumbe habari yenyewe ni hii: binti yake, Halima, kajifungua pacha kule Tanga, na mama mtu anataka kuhamia huko moja kwa moja. Lakini mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, aibu hiyo kwetu haina dawa. Anataka chumba chake cha kupanga, jirani nao, na cherehani ya kumwezesha kujilisha. Saa ya Bakari ndiyo chumba na ndiyo cherehani. Isiponunuliwa, habanduki hapa.

Aliposema hivyo moyo wangu uliruka kwa furaha. Niandike na hilo. Nikimwambia yule mtu kwamba saa si halisi, nitakuwa nimesema kweli tupu. Ataondoka zake, Mama Halima atabaki, na Alhamisi chupa ya uji itakuja. Sijawahi kuona ukweli mtamu namna hii, wala mchafu namna hii.

Jumatatu, 6 Julai

Hakuna mteja. Mvua ya manyunyu. Nimejisikia mzee.

Jumanne, 7 Julai

Mnunuzi alipita. Mtu wa miaka arobaini hivi, koti la ngozi la mtumba, adabu nyingi. Shikamoo yake ya kuinama. Ana kioo cha kukuzia, cha kubana jichoni, na daftari lililojaa namba za saa. Anajua anachotafuta. Anasema siku hizi uso wa saa hauaminiki, unachapishwa upya huko Dubai unafanana na wa kwanza. Aliwahi kununua saa yenye jina kubwa, alipoifungua ndani akakuta betri. Ndiyo maana yeye hanunui uso, ananunua mashine.

"Wilaya nzima wanasema neno lako halina kona, mzee," aliniambia. "Ukisema ndiyo, mimi natoa hela."

Nikacheka mpaka akanishangaa. Nikamwambia nimekumbuka kitu. Na kweli nilikuwa nimekumbuka.

Jumatano, 8 Julai

Kuna habari ya Ramadhani. Nimeizunguka siku nne kama paka na maziwa ya moto.

Bakari alikuwa muadhini. Kwetu jua halisaidii. Linajificha nyuma ya mlima tangu saa kumi na moja, magharibi bado kabisa, na siku ya ukungu halionekani tangu asubuhi. Mtu aliyefunga anategemea saa ya muadhini. Ile mashine niliyomtilia Bakari ilikuwa ikienda vizuri mchana, lakini ikipigwa na baridi ya jioni inakimbia. Ramadhani ile aliadhini magharibi kabla ya wakati. Si siku moja. Mtu mmoja mwenye redio ndiye aliyegundua. Mji mzima ulikuwa umefungua mapema, ikabidi siku zile zilipwe, hata na wazee wagonjwa.

Bakari aliniletea saa niisikilize. Niliiweka sikioni mbele yake. Nikamwambia haina kosa.

Wazee wakakutana msikitini. Wakasema mzee mwenzetu kachoka, macho hayaioni mishale, apumzike. Wakasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. Nilikuwa nimeketi kwenye nguzo ya pili. Mashine yake ilikuwa inapiga mkononi mwangu. Nilinyamaza. Siku ileile wakaamua kwamba kuanzia sasa watafuata saa ya fundi.

Hakuwahi kuadhini tena. Alipofariki nilishika ubavu wa jeneza, na watu wakasema kweli wale wawili walikuwa marafiki.

Alhamisi, 9 Julai

Mama Halima alikuja. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Nikafungua mdomo, nikauliza bei ya karoti. Mwoga.

Akasema, "Shemeji unaumwa wewe. Salamu yangu ya onga mshi hukuiitika." Akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono kuona kama nina homa. Tangu mke wangu afe hakuna aliyenigusa paji la uso. Nikaona nikisema sasa nitalia gulioni.

Alipoondoka nilifanya kazi. Nimefungua saa yangu, nimefungua yake, nimeziweka juu ya karatasi nyeupe. Nimeiosha mashine ya Bakari, nimeitia mafuta tone kwa tone, nimeirudisha kwake. Ilikaa bila kulazimishwa. Nimesoma namba ya mfuniko na namba ya mashine kwa sauti, kama mtoto anayejifunza hesabu. Ni moja. Vimiguu vya uso ndivyo visivyorudi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Saa yangu imebaki ganda. Nimeivua. Mahali pake ngozi ni laini, nyeupe kidogo.

Sasa saa ya Bakari ni halisi. Naweza kunyamaza tena na hakuna atakayeniuliza. Njia iko wazi kabisa. Nimeiogopa njia hiyo kuliko nilivyoogopa mambo mengine yote wiki hii.

Ijumaa, 10 Julai

Nimemwambia.

Nilikwenda kwake baada ya sala. Alikuwa anafunga masufuria kwenye gunia, tayari kwa safari ambayo hajaipata. Nikakataa kuketi. Nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni: mashine, gundi, Ramadhani, ile siku niliyoisikiliza nikasema haina kosa, nguzo ya pili. Sikujitetea kwa vipuri. Nilitaka kufanya hivyo, nikajizuia.

Hakulia. Aliubana mdomo wa lile gunia, kama anayezuia kitu kisitoke. Kisha akaongea polepole, bila kuniangalia.

"Baada ya Ramadhani ile alikuwa akikaa pale kila jioni. Saa sikio hili, redio ya kuazima sikio hili. Nikamwambia mume wangu, irudishe kwa fundi. Akasema, fundi kaisikiliza, fundi hawezi kuniambia uongo. Saa ni nzima, Mama Halima. Mbovu ni mimi."

Akakaza kamba ya gunia.

"Na mimi nikamwamini. Nikawa namkatia nyama kama mtoto. Namshika mkono akienda chooni. Mtu mwenye macho yake."

Nikasema nisamehe. Akasema nenda. Nikaenda. Njiani nilisalimiwa na watu, sijui niliwajibu nini. Nilidhani nimeiba chuma. Kumbe nilimwibia mtu akili yake, akafa akijua ni mzee asiyejiweza.

Jumapili, 12 Julai

Mnunuzi alifika saa tatu. Mama Halima alifika baadaye, bila chupa, akasimama. Hakukiangalia kigoda.

Nikafungua saa mbele yao wote wawili. Nikamwonyesha mnunuzi namba na namba, akazisoma kwa kioo chake, akalinganisha na daftari, akatabasamu. Nikamwambia asitabasamu bado. Nikautoa uso wa saa, nikamwonyesha palipokatwa vimiguu. Akauliza ni mjinga gani aliyefanya hivi. Nikasema ni mimi. Nikamweleza kwamba mashine ilitoka na kurudi, na kwa nini. Akaniangalia, akamwangalia Mama Halima, akaona haya kama aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi.

Amenunua. Amepunguza kidogo kwa ajili ya uso, na nikaona ni haki. Kasema hajawahi kuonyeshwa kasoro na fundi wa upande wa muuzaji. Hiyo aliitaja kama sifa. Ilinichoma.

Alipokwenda, Mama Halima alibaki amesimama. Nilingoja. Nilikuwa tayari kumlipa kitu chochote, nikaanza kumwambia kuhusu kiwanja changu cha kule juu. Akanikata.

"Sitaki kiwanja chako. Bakari walimwondoa mbele za watu. Wewe umekuja kuniambia mimi mlangoni, wawili tu. Nenda ukawaambie waliomwondoa."

Nikasema watu hawataniletea tena saa zao. Nilisema hivyo kweli, kwa mdomo huu.

"Kwani wanakuletea sasa?" akasema. Akaenda zake.

Jumatano, 15 Julai

Siku tatu sijafungua kibanda. Nahesabu watu watakaokuwepo msikitini, nani ataangalia chini, nani ataenda kumwambia mkewe. Wale wazee wa kikao kile wamebaki wawili. Ningeweza kuwaita pembeni, hao wawili tu, nikawaambia kwa sauti ndogo.

Hapana. Mimi na pembeni tumekaa miaka ya kutosha.

Mwanangu wa Dar nilimpigia kutoka posta. Laini mbovu. Nikamwambia sijambo.

Ijumaa, 17 Julai

Nimesema.

Nilimwomba imamu nafasi baada ya sala. Akadhani nataka kutangaza mkutano wa kutengeneza paa la msikiti. Nikasimama. Nikasema mnamkumbuka Bakari. Wakaitikia. Nikasema, Ramadhani ile mliyolipa siku, macho ya Bakari yalikuwa mazima. Akili yake ilikuwa nzima. Saa yake ilikuwa imeibwa mashine, mwizi ni mimi, na nilimsikiliza akiondolewa nikanyamaza.

Sikuongeza neno. Nilikuwa na maneno mengine, yakagoma.

Mtu mmoja nyuma akasema astaghafirullah. Mzee mmoja wa kikao kile akaanza kulia waziwazi, hajali vijana. Imamu hakunikemea, hakunisamehe. Akainua mikono, akamwombea dua muadhini wetu Bakari. Alisema hivyo: muadhini wetu. Upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nikasikia sauti moja ikiitikia amina kwa nguvu kuliko zote. Niliijua.

Nje watu walinipisha njia, pana kuliko ninavyohitaji. Muadhini kijana alipita mbali nami.

Basi la Tanga liliondoka saa nane. Nilisimama ng'ambo ya barabara, karibu na wauza matofali. Mama Halima alikuwa na gunia lake la masufuria na kapu la karoti za wajukuu ambao hawana hata jino. Aliniona. Hakuniaga. Sikutegemea. Kondakta akalipandisha gunia juu, yeye akapanda, akakaa upande wa pili wa basi, usionikabili.

Nilirudi nikapika viazi. Nimekula nusu.

Alhamisi, 23 Julai

Nimefungua kibanda. Gulio zuri. Hakuna aliyekaa kwenye kigoda.

Jumapili, 26 Julai

Sasa kwa kuwa yeye hayupo, kaburi la Bakari halina mtu. Nimeazima jembe kwa jirani yangu, Mlutheri mmoja anayelima kabichi, nikapanda juu mapema. Magugu yalikuwa mengi upande wa miguuni, mengine yana mizizi mirefu, nikayang'oa kwa mkono. Udongo mweusi, baridi. Nimetengeneza na mfereji ili maji yasisimame.

Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumwambia. Nimesoma Fatiha, nikakaa. Nimeshawaambia mjane, mnunuzi, msikiti mzima. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kustahili, na alikufa akiniamini. Sikupata la kusema.

Nimerudisha jembe. Jirani kanikaribisha chai, nikakaa nje kwake mpaka ikapoa.